Mwalimu Kijana Anapochoka

Liko jambo moja ambalo walimu wa dini hawalisemi mbele ya watu, na aghlabu hawasemezani hata wao kwa wao. Nalo ni kuwa mtu huweza kuwasalisha watu sala zote tano, akawasomesha watoto wao Kurani, akapanda mimbari siku ya Ijumaa akatoa khutuba nzuri, na huku moyo wake mwenyewe umekauka kama kisima cha kiangazi. Tunalisema kwa kuwa lilitupata.

Katika mwaka 1988 tulipelekwa kufundisha dini katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tabora. Umri wetu ulikuwa miaka 22, tumetoka chuoni pwani na sanduku la vitabu na hamu kubwa. Wenyeji walitupokea vizuri mno. Walitupa chumba ubavuni mwa msikiti, wakatuletea watoto zaidi ya 40, na kila jioni nyumba moja ikashika zamu ya kutuletea chakula. Tukasomesha kila siku baada ya alasiri, tukasalisha sala ndefu, na usiku tukakesha na vitabu mpaka macho yakatuuma, tukidhani kuwa huo ndio ucha Mungu.

Mvua za Novemba zilipoanza, watoto wakaanza kupungua. Kufika Februari walikuwa 6. Safu ya pili ya sala ya Isha ikavunjika, kisha ya kwanza nayo ikaingia mapengo. Sisi tukakasirika. Khutuba zetu zikawa za kulaumu tu, na Ijumaa moja tukasema juu ya mimbari kuwa asiyehudhuria Isha ana dalili ya unafiki, hali macho yetu tumeyaelekeza kwa mtu mmoja ambaye kila aliyekuwamo msikitini alimjua. Tangu siku hiyo mtu yule hakuja tena, si Isha wala Ijumaa. Nasi tulipokuwa peke yetu usiku tukaona kuwa hata sala zetu wenyewe tunazisali kama kibarua anayengoja saa ya kutoka kazini. Tukaandika barua ya kuomba turudishwe pwani, tukaitia katikati ya kitabu kungoja basi.

Siku mbili baadaye tulivifungua vitabu vyetu, na nia yetu, Mwenyezi Mungu atusamehe, ilikuwa kutafuta hoja zaidi za kuwalaumia watu. Tukaangukia khabari za Muadh bin Jabal r.a. Tulikuwa tumezisoma chuoni tukazijibia mtihani. Safari hii zilitusoma sisi.

Muadh alikuwa kijana wa Kiansari, katika kabila la Khazraj. Alisilimu akiwa na miaka 18, naye alikuwa miongoni mwa watu 70 na zaidi waliombai Mtume s.a.w. usiku pale Akaba mwaka 622. Alikuwa hodari wa elimu, na katika mambo ya halali na haramu masahaba wenziwe walimjua kuwa ni marejeo. Lakini alipokuwa Madina alifanya kosa. Alikuwa akisali Isha nyuma ya Mtume, kisha hurudi kwa watu wa mtaa wake akawasalisha yeye. Usiku mmoja akawasomea Suratul Bakara. Alikuwapo mtu aliyetoka kazini na ngamia zake wa kutekea maji, amechoka. Alipoona sura haiishi, akajitenga, akasali peke yake, akenda zake. Muadh alipopata khabari akasema kuwa yule ni mnafiki. Mtu yule akamshitakia kwa Mtume, na Mtume akamkemea Muadh kwa ukali, akamuuliza kama anataka kuwafitini watu na dini yao. Akamtajia sura za kusoma, Sabbihisma na Washamsi na Wallayli, na akamkumbusha kuwa nyuma ya imamu wako wazee na wadhaifu na wenye haja zao.

Hapo tulifunga kitabu kwa muda. Tulikuwa tumelitumia neno lile lile, kwa sababu ile ile.

Muadh huyo huyo aliyekemewa ndiye aliyechaguliwa baadaye kwenda kufundisha Yemen. Kabla ya Hija ya Kuaga ya mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume aliwatuma yeye na Abu Musa Al-Ash'ari, kila mmoja katika sehemu yake ya nchi. Muadh hakuwa bado amefika miaka 30. Hakwenda kama tajiri, kwani alikuwa mkarimu hata madeni yakamzidi, na imepokewa kuwa mali yake iliuzwa ili kuwalipa wadai. Na wasia waliopewa haukuwa mrefu: warahisishe mambo wala wasiyatie uzito, wawape watu bishara njema wala wasiwakimbize, na wao wawili wapatane. Muadh akaelezwa pia awaite watu kwanza katika shahada, wakikubali awaeleze sala tano, kisha zaka inayochukuliwa kwa matajiri wao ikarudi kwa masikini wao, na ajihadhari na dua ya aliyedhulumiwa. Imepokewa kuwa siku ya kuondoka Muadh alikuwa juu ya mnyama wake, na Mtume akitembea kwa miguu ubavuni mwake, akamwambia kuwa huenda wasionane tena baada ya mwaka huo. Muadh akalia. Na kweli hawakuonana. Mtume s.a.w. alifariki mwaka 632, na Muadh alikuwa angali mbali.

Watu wa Yemen hawajamsahau. Msikiti wa Janad, karibu na mji wa Taizi, unanasibishwa naye mpaka leo. Lakini lililotushika sisi usiku ule lilikuwa jambo dogo kuliko msikiti. Bukhari anaeleza kuwa wawili hao, kila mmoja alipokuwa akizunguka katika nchi yake na kukaribia mpaka wa mwenziwe, humwendea wakasalimiana na kuzungumza. Katika mazungumzo yao wakaulizana namna gani kila mmoja anaisoma Kurani. Angalia suali hilo! Wawili hawa walikuwa walimu wa nchi nzima, na Abu Musa ndiye aliyesifiwa na Mtume kwa sauti yake ya kusomea, wala hawakuona haya kuulizana. Abu Musa akasema kuwa yeye husoma kidogo kidogo, mchana na usiku. Muadh akasema kuwa yeye hulala mwanzo wa usiku, akiisha kupata fungu lake la usingizi huamka akasoma alichoandikiwa na Mwenyezi Mungu, na kuwa anatarajia thawabu katika usingizi wake kama anavyoitarajia katika kusimama kwake. Hakuna aliyemwambia mwenziwe kuwa njia yake ni mbovu.

Na ni Muadh huyu ambaye Bukhari, katika Kitabu cha Imani, amempokea kuwa alimwita mwenziwe waketi pamoja waamini kwa muda. Mtu mwenye imani kama yake! Wanavyuoni wanaeleza kuwa alikusudia wakumbushane ili imani izidi, kwa sababu imani huzidi na hupungua. Sisi tulikuwa tukiona aibu kwa kupungua huko, tukaificha aibu kwa kugombeza watu. Tulikuwa hatuna wa kuketi naye, wala usiku hatulali.

Usiku ule tulilala mapema. Alfajiri baada ya sala tukamfuata muadhini, mzee aliyekuwa akija kila siku na ambaye hatujapata kumuuliza lolote isipokuwa saa.

"Mzee," tukasema, "kwani watu wamekwenda wapi?"

Akatutazama kwa mshangao. "Maalim, wako kwenye tumbaku. Ulikuwa hujui?"

Hatukujua. Sisi ni watu wa minazi. Akatueleza kuwa mvua zikianza miche huhamishiwa shamba, na watoto hushika jembe pamoja na wazee wao. Majani yakiisha kuchumwa huingizwa katika mabani ya kukaushia, na moto wa bani hauachwi peke yake usiku wala mchana, kwani ukizidi au ukizimika mazao ya mwaka mzima yameharibika. Mtu tuliyemwita mnafiki alikuwa akilala mbele ya moto wake.

Tangu hapo mzee yule akawa anakaa nasi kila siku baada ya Isha, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai ya rangi. Siku nyingine tulisoma aya mbili tatu tukazifasiri. Siku nyingine yeye ndiye aliyesema, nasi tukasikiliza. Barua hatukuipeleka.

Ya mtu yule haikuwa nyepesi. Tulikwenda banini kwake usiku, mzee akituongoza kwa taa ya kandili. Tukamwomba radhi mbele ya wanawe. Alinyamaza muda mrefu, hata tukadhani kuwa tutaondoka hivyo hivyo. Kisha akatupa gogo la kukalia, akasema kuwa Isha ile alikuwa ameisali pale pale, na kuwa kila siku huisali pale pale, ila sura azijuazo ni mbili tu na anaona haya kuzirudia. Tukamuuliza kama angependa kujifunza Washamsi. Tukaisoma aya kwa aya, yeye na wanawe wakafuata, na sisi sauti ilitukwama mara moja njiani. Tulipomaliza aliinuka, akachochea moto, akaongeza kuni mbili, akarudi akaketi.

"Haya, Maalim," akasema, "tuanze tena."