Bei ya Nguvu: Zege, Nauli na Maharage

Galoni ya mafuta ya kula ya lita 5 ikijazwa maji ina kilo 5. Ikijazwa zege inafika kilo 12, maana mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400. Galoni nne, mbili kila upande wa bomba, ni kilo 48 za kunyanyua. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 zinakula saruji kama kilo 6.4. Tukichukulia mfuko wa kilo 50 ni shilingi 22,000, hiyo ni saruji ya shilingi 2,816. Bomba litagharimu zaidi ya hapo.

Upande wa pili kuna jimu ya kulipia. Tuchukulie ada ya 30,000 kwa mwezi, sawa na 360,000 kwa mwaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unataka mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mkazi wa Rulenge akienda Ngara Mjini siku hizo mbili, kwa nauli ya kukisia ya 4,000 kwenda na kurudi, anaongeza 416,000. Jumla ni 776,000, na asilimia 54 yake imeishia njiani. Ada hata ikifutwa, nauli iko palepale. Anayeishi jirani na jimu hesabu hii haimhusu.

Na bila chuma kabisa? Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 65 ni kilo 42. Akiweka miguu juu ya benchi la sentimita 60, inakuwa asilimia 74, yaani kilo 48. Ni uzito uleule wa zege letu, bila shilingi kutoka. Ila kinachofaidi ni kifua na mikono; mgongo na mapaja bado vinadai mzigo wao.

Hapo ndipo husemwa kwamba jembe na ndoo vinatosha. Safari tatu za maji kwa siku, dakika 20 kila moja, ni dakika 420 kwa wiki. WHO, ambayo huhesabu hata kazi za nyumbani na shambani, inataka dakika 150 kwa uchache. Mbeba maji amezidisha mara 2.8. Kwa pumzi na moyo, hana deni. Kwa nguvu, shida ni kwamba ndoo ya lita 20 ina kilo 20 Januari na kilo 20 Desemba, wakati misuli huzidi nguvu pale mzigo unapoongezwa kidogo kidogo. Halafu dakika hizo 420 mara nyingi ni za mama na watoto. Bodaboda wa Biharamulo anayeshinda juu ya siti hawezi kujiandikia.

Gharama isiyotajwa ni chakula. Wanaonyanyua vyuma hushauriwa gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kiwango cha kawaida ni 0.8. Kwa kilo 65, tofauti ni gramu 52. Maharage makavu yana protini kama asilimia 22, kwa hiyo zinahitajika gramu 236 za ziada kila siku, au kilo 86 kwa mwaka. Kwa bei ya kukisia ya 2,500 kwa kilo, ni takriban 215,000, mara 76 ya saruji ile.

Lakini 1.6 ni kipimo cha anayetaka misuli ijae kadiri inavyowezekana. Anayetaka tu kusukuma baiskeli ya ndizi kwenye mlima wa Ngara bila kupumzika mara tano anaweza kuishia 1.2. Maharage yanashuka hadi kilo 43, kama 108,000. Kwa anayelima mwenyewe, ni chini kidogo ya nusu gunia ambalo halitafika sokoni.