Mlima Nyuma ya Pipa: Chapa za Mbao na Sura ya Japani (2)

Juma lililopita tulieleza jinsi chapa ya mbao ilivyopita mikono minne: mchapishaji mwenye mtaji, mchoraji, mchonga mbao na mpiga chapa. Leo tuulize: bidhaa hiyo ya dukani iligeukaje kuwa sura ya taifa?

Tuanze na mchoraji Hokusai. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, alianza mfululizo uitwao Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji. Picha zikapendwa hata zikaongezwa 10, zikawa 46. Katika ile ya wimbi kubwa, mlima wa mita 3,776 umekuwa kichuguu, na wapiga makasia wamejikunyata mashuani. Katika nyingine, fundi yumo ndani ya pipa lisilo na kitako, anaranda mbao. Fuji inachungulia kwa mbali kupitia duara la pipa hilo.

Hapo ndipo penye siri. Hokusai hakuuchora mlima peke yake, aliuweka nyuma ya kazi za watu. Seremala, mvuvi na msafiri, kila mmoja na jimbo lake, wote wanaangaliwa na mlima mmoja. Naye mchoraji mwenzake, Hiroshige, kuanzia mwaka 1833, alichora vituo 53 vya barabara ya Tokaido, kati ya Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto. Asiyewahi kutoka kwao akaijua mvua ya mbali.

Ajabu ni kwamba buluu iliyozipa picha hizo uhai ilibuniwa Berlin, mwanzoni mwa karne ya 18. Sura ya taifa ilipakwa rangi ya kigeni, na haikupungukiwa kitu.

Serikali na wasomi walifuata baadaye. Mwaka 1894, Japani ikiwa vitani na China, mwanajiografia Shiga Shigetaka alitoa kitabu cha kuzisifu volkano na milima ya nchi yake; mandhari ikawa hoja ya fahari. Mwaka 2013 UNESCO iliuorodhesha Fuji kama urithi wa utamaduni, si wa maumbile. Na tangu 2024 lile wimbi limo nyuma ya noti ya yeni 1,000, noti ndogo kuliko zote, ambayo hata fundi wa mapipa angeishika kila siku.

Juma lijalo: mchoraji Kawase Hasui, na tetemeko la ardhi la 1923 lililoziteketeza mbao zake.