Waya wa umeme uliopita uani kwa jirani

Baba alipouza nusu ya kiwanja, nikiwa kidato cha pili, hakuna aliyekumbuka waya. Ulitoka kwenye nguzo barabarani, ukapita chini ya ile nusu iliyouzwa na kuibukia ukutani kwetu kwenye luku. Mwaka jana jirani akaleta vijana wachimbe msingi wa ukuta. Sururu ikatoa cheche, kijana mmoja akarushwa nyuma, akainuka akicheka. Watoto watatu walikuwa wamechuchumaa pembeni wakitazama.

Mama alikimbilia ndani kuzima swichi kuu, sote tukashusha pumzi. Kumbe alichozima ni nyumba tu. Waya ulio kati ya nguzo na luku hauzimwi na swichi ya ndani. Unabaki na volti 230 saa zote, hata siku mnalala giza kwa sababu uniti zimeisha.

Kwa hiyo mzazi, kama kuna waya wa namna hiyo uani kwako, usimwite fundi wa mtaani aukate na kuuungia pembeni. Waya wa kabla ya mita ni wa TANESCO, na wao ndio wa kuuhamisha. Peleka ombi ofisini kwao, waje wapime na wakupe gharama. Luku ikiwa kwenye nguzo, waya unaoingia ndani ni wako. Hapo tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Njia mpya ipite ndani ya kiwanja cha mwenye umeme, kebo iwe yenye ganda la chuma na ifukiwe zaidi ya nusu mita, juu yake utepe wa tahadhari. Chora ramani yake, uiweke pamoja na karatasi za kiwanja.

Nani alipe? Hapa ndipo majirani hununiana, na shimo linabaki wazi wiki nzima. Kwa maoni yangu gawaneni, muandikishane serikali ya mtaa. Wakati mkisubiri, zungushieni shimo mabati au miti. Mtoto anayecheza pekupeku kwenye udongo wenye maji hana kinga yoyote.

Akipigwa shoti, usimshike kabla umeme haujakatwa. Ukiwa ni waya wa kabla ya luku, wazuie watu wote wakae mbali na upige simu TANESCO. Umeme ukishakatwa, kama hapumui, anza kumkandamiza kifua huku mwenzio akitafuta usafiri. Palipoungua pamwagie maji safi kwa dakika 20. Dawa ya meno iache bafuni. Kisha hospitali, hata kama anacheka. Umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kidonda kidogo cha nje kinaweza kuficha misuli iliyoungua ndani.

Yule kijana tulimpeleka jioni ileile, akilalamika njia nzima kwamba tunampotezea kibarua.