Kukosa nafasi ya fiziotherapia: kipi hasa kilichokataliwa?

Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza nilieleza kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia: kumsimamisha aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, kuurudishia nguvu mguu wa kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, kumwelekeza mama namna ya kumkalisha mtoto mwenye utindio wa ubongo. Leo nazungumza na kijana wa Ilemela, Magu au Ukerewe aliyeomba kuisomea kazi hiyo akakosa, akaomba tena mwaka uliofuata, akakosa tena. Nazungumza pia na wazazi wake, maana mara nyingi wao ndio huanza kusema, “Mwanangu, hii haikuwa riziki yako.”

Tusiikubali kauli hiyo kabla ya kujua ni kitu gani hasa kilichokataliwa.

Kijana akitafuta ushauri mtandaoni atakuta mwingi umeandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Kule fiziotherapia husomwa kwa ngazi ya udaktari baada ya shahada ya kwanza. Mwombaji hupeleka insha ya kujieleza, barua za watu wanaomfahamu, na idadi ya saa alizokaa hospitalini akiwatazama wataalamu kazini. Akikataliwa huambiwa aongeze saa na aiandike insha upya. Kwetu utaratibu ni mwingine kabisa. Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada hupeleka maombi chuoni moja kwa moja, na chuo huchuja kwa vigezo vinavyochapishwa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Hakuna insha. Zinazosomwa ni alama. Utaratibu huu ni mkali, lakini una faraja yake: hakuna aliyekuita, akakutazama, akaona hufai. Kuna alama au karatasi iliyopungua, na aghalabu unaweza kuitaja kwa jina.

Tuanze na aliyetoka kidato cha sita na mchepuo wa PCB. Kozi za shahada ya fiziotherapia hudai ufaulu wa prinsipo, yaani kuanzia A hadi E, katika masomo yote matatu: fizikia, kemia na biolojia. Hesabu ya pointi inajulikana: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Sasa chukua mfano wa binti aliyepata B ya kemia, C ya biolojia na S ya fizikia. Jumla yake ni pointi 7.5. Mwenzake amepata D tatu, yaani pointi 6. Binti huyu anashangaa kumzidi mwenzake kwa pointi na bado jina lake halionekani popote. Sababu ni kwamba S si prinsipo. Ana prinsipo mbili tu, na hata angepata A mbili katika masomo yale mengine, fizikia ingemzuia palepale. Akiomba mara ya pili kwa cheti kilekile, anapoteza ada ya maombi na mwaka wa umri wake. Nimeona nyumba zikifanya hivyo kwa imani kwamba ipo siku bahati itafunguka, na inaniuma, kwa sababu bahati haina nafasi yoyote katika uchujaji huu.

Dawa yake ni kuirudia fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Achague kituo chenye maabara inayofanya kazi, kwa kuwa fizikia ya kidato cha sita ina karatasi ya vitendo, na anayejisomea nyumbani huangukia hapo. Kutoka S ya alama 35 hadi E ya alama 40 ni mwendo mfupi, hadi D ya 50 ni kazi ya mwaka mzima yenye mwalimu. Na kabla ya kulipa ada ya mtihani, akiulize chuo anachokitaka kama kinapokea matokeo ya vikao viwili yaliyounganishwa, na apate jibu kwa maandishi.

Njia ya pili ni stashahada, na mimi nadhani vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wangeanzia huku badala ya kukaa miaka miwili wakisubiri. Kozi hizi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), nazo huangalia cheti cha kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo kemia, biolojia na fizikia. Mhitimu wa stashahada anaweza kuajiriwa, akawahudumia wagonjwa, kisha akaomba shahada kwa sifa linganishi.

Lakini hapo penye “sifa linganishi” ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Kwa shahada nyingi za afya hudaiwa GPA ya kiwango fulani kutoka stashahada, na juu yake huongezwa sharti la kidato cha nne: angalau D katika kemia, biolojia, fizikia, Kiingereza na hisabati. Hisabati! Somo ambalo watahiniwa wengi nchini huanguka, na ambalo kijana aliambiwa wakati wa kuomba stashahada kwamba ni nyongeza tu. Anasoma miaka mitatu, anapata GPA ya kupigiwa mfano, na F ya umri wa miaka 17 inamrudisha nyuma. Mwenye F hiyo asingoje kuhitimu. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika kila Novemba, na D huanzia alama 30. Ajiandikishe kwa somo hilo moja akiwa bado mwaka wa kwanza wa stashahada.

Kuna pia kasoro za karatasi. Mwenye stashahada huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, na asiyeiomba mapema hujikuta dirisha la maombi limefungwa. Jina lililoandikwa tofauti katika cheti cha kuzaliwa na cha mtihani nalo lirekebishwe kisheria kabla ya msimu wa maombi kuanza. Na awamu ya kwanza ikipita bila jina lako, usikate tamaa: wanaochaguliwa vyuo viwili au zaidi hulazimika kuthibitisha kimoja, na nafasi wanazoziacha hutangazwa katika awamu zinazofuata.

Kuhusu wapi pa kuomba, mtu wa Mwanza huelekeza macho Moshi, kwenye chuo kikuu cha KCMC, na Dar es Salaam, Muhimbili. Palepale KCMC ipo TATCOT, iliyoanzishwa 1981, inayofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi. Tiba kazi nayo inasomwa nchini. Ziandike katika maombi yako kwa moyo, kwani mgonjwa aliyekatwa mguu anamhitaji mtengeneza mguu sawasawa na anayemfundisha kuutembelea. Wapo pia wanaovuka mpaka kwenda Mulago, Kampala. Hao wahakikishe kwanza kuwa cheti watakachorudi nacho kinatambuliwa hapa.

Je, saa za kutazama kazi hospitalini hazina maana kwetu? Hazitaongeza pointi hata nusu. Hata hivyo ningemshauri kila kijana aombe ruhusa ya kushinda siku kadhaa katika idara ya mazoezi ya hospitali ya Bugando au Sekou-Toure, hapa Mwanza. Atawaona wavuvi wenye migongo iliyochoka kwa kuvuta nyavu za dagaa usiku kucha. Atamwona mama kutoka Sengerema aliyemleta mtoto wa mguu kifundo kubadilishwa plasta, kila wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, mama wa namna hii alikuwa mtumwa wa ratiba ya kivuko. Daraja limepunguza safari. Mtaalamu wa kumpokea akifika ndiye bado haba. Kijana akiona zoezi lilelile likirudiwa mara arobaini, mgonjwa akilia na bado likaendelea, atajua kama moyo wake uko huko. Akigundua haupo, ameokoa miaka. Ukiwepo, atairudia fizikia kwa nguvu nyingine.

Neno kwa wazazi: jihadharini na vishoka wanaodai wana mtu ndani ya chuo. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko wazi NACTVET na TCU, na chuo kisichomo humo hakitoi cheti cha kumfaa mtoto wenu.

Sehemu ya tatu itahusu ada, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), na nani kati ya wanaosoma stashahada anaweza kuuomba. Kabla haijatoka, chukua cheti chako cha kidato cha nne na cha sita, uviweke pembeni mwa kitabu cha TCU cha mwaka huu, na uandike kwenye karatasi somo lililokuzuia.