Soma Jina Kwanza: Tulichojifunza kwa Muuza Vikuba wa Lamu

Kila mwaka, mwishoni mwa Mfunguo Sita, mji wa Lamu hujaa wageni. Maulidi yanayosomwa katika Msikiti wa Riyadha huwavuta watu kutoka pwani nzima na nchi jirani. Mbali na kisomo na zefe, kuna mbio za punda, mashindano ya mashua, kuogelea, bao na kupaka hina. Safari hii nasi tulikuwepo.

Mchana ulipoanza kupoa, tulifuata harufu ya asumini hadi kwa mama mmoja aliyekaa barazani akifunga vikuba. Alikuwa na asumini, rehani na mkadi kwenye sinia. Asumini hufunguka usiku, kwa hivyo huchumwa ikiwa bado tumba, ikafungwa alasiri, na ikifika isha inanukia kwenye nywele za mvaaji. Kesho asubuhi imenyauka. Mama huyu hana cha kuweka stoo. Asichokiuza leo ni hasara, na asicholipwa leo pia ni hasara.

Tulichukua vikuba vinne, shilingi 200. Nambari yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha katoni. Tukaanza kuibonyeza. Nyuma yetu mtu akapaza sauti, "Similla! Similla!" Punda alikuwa anapita na mizigo, na kwenye vichochoro vya Lamu humpishi punda ila ujibane ukutani. Tukajibana, tukaweka namba ya siri, tukatuma.

"Mama, imeingia?"

"Bado, wanangu. Labda netiweki. Nendeni tu, itaingia."

Tungeondoka hapo, mama angelala bila pesa yake. Bahati nzuri mmoja wetu alisoma meseji yetu tena. Jina lililoandikwa lilikuwa la mwanamume.

"Simjui huyo," mama akasema. "Laini yangu ina jina langu."

Tulikuwa tumesoma 1 yake kama 7. Jina lilitokea kwenye skrini kabla hatujatuma, lakini hatukulisoma. Sisi hao hao tunaowaambia wateja kila siku walisome!

Tulimlipa mama upya palepale, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Kisha tukapiga simu huduma kwa wateja tukiwa na kodi ya muamala. Ombi lilipokelewa, lakini aliyetumiwa alikuwa ameshazitoa zile pesa. Hadi tunaandika haya, hazijarudi. Kwetu ni shilingi 200 tu. Kwa mama, hiyo ingekuwa sehemu kubwa ya jioni yake.

Kabla hujatuma

Muulize muuzaji, "Litatokea jina gani?" Ulinganishe na lililo kwenye skrini, ndipo uweke namba ya siri. Kama kuna msongamano, sogea pembeni kwanza.

Kabla hujaondoka

Subiri muuzaji aone meseji kwenye simu yake mwenyewe. Kumwonyesha skrini yako hakutoshi. Nawe muuzaji, usione haya kumwambia mteja asubiri. Meseji ya uongo huweza kufanana sana na ya kweli, kwa hivyo ukiwa na shaka angalia salio lako.

Ukikosea nambari

Mlipe muuzaji, kisha piga simu huduma kwa wateja mara moja. Usingoje ufike nyumbani, kwani pesa zikishatolewa ni vigumu kuzirudisha.

Ukitumiwa pesa usizozijua

Usizitumie. Lakini pia usizirudishe mwenyewe kwa sababu tu mtu amekupigia akilia kwamba amekosea. Angalia salio kwanza, maana huenda hakuna kilichoingia. Kama zimeingia, tuachie sisi tuzirudishe.

Ukienda Lamu

Weka pesa taslimu kidogo mfukoni. Ukitoka Mokowe kwa barabara au uwanja wa ndege wa Manda, bado utavuka kwa boti, na simu isiyo na chaji haikuvushi.

Tulipoaga, mama alituongezea kikuba cha tano. "Hiki si cha kulipa," akasema, "ila mwakani someni jina."

Tutasoma, mama.