Kodi Tulipayo Dukani na Fomu ya Kodi ya Mapato



Kila ukaribiapo mwezi wa Aprili, majumbani na misikitini mwetu hapa Marekani huzuka swali lile lile: je, kodi ya mauzo tunayotozwa dukani yaweza kutupunguzia kodi ya mapato? Wapo waliojaza mifuko ya risiti mwaka mzima wakitaraji kurudishiwa fedha. Tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili, kwani atiaye saini fomu ndiye mwenye dhima, hata ikiwa imejazwa na mwingine.

Ruhusa ipo. Iliondolewa kwa sheria ya mwaka 1986, ikarejeshwa mwaka 2004, na mwaka 2015 ikafanywa ya kudumu. Mlipa kodi huchagua moja: ama kodi ya mapato aliyoilipa jimboni, ama kodi ya mauzo, hawezi kuzikata zote mbili. Kwa hiyo aghalabu wanaofaidika ni wakaao katika majimbo yasiyotoza kodi ya mishahara, kama Texas, Florida na Tennessee. Wala si lazima kutunza kila risiti. IRS ina majedwali ya kukadiria kwa kufuata pato, mahali na idadi ya watu nyumbani. Juu yake huongezwa kodi ya kitu kikubwa kama gari.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea. Kinachopunguzwa ni pato linalotozwa kodi, si kodi yenyewe. Tena, faida hupatikana tu iwapo jumla ya makato yaliyoorodheshwa imepita kiwango apewacho mtu bila kuorodhesha chochote. Kwa mapato ya mwaka 2025, kiwango hicho ni dola 31,500 kwa mume na mke wanaojaza fomu pamoja, na dola 15,750 kwa asiye na ndoa.

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Houston. Jedwali limewapa dola 1,500. Gari la dola 32,000 limetozwa asilimia 6.25, yaani dola 2,000. Kodi ya nyumba ni dola 9,000, na sadaka dola 4,000. Jumla ni dola 16,500: hawakufikia hata kiwango, na risiti zao hazina kazi. Lau kodi ya nyumba ingekuwa dola 14,000 na sadaka dola 16,000, jumla ingefika dola 33,500. Ziada ni dola 2,000. Kwa anayetozwa asilimia 22, nafuu ni dola 440.

Wengi wetu tunaoepuka mikopo ya riba hatuna kato la riba ya nyumba, hivyo kuvuka kiwango ni vigumu zaidi. Sadaka na zaka zilizotolewa kwa msikiti au jumuiya inayotambuliwa kisheria huhesabiwa, mradi pawe na ushahidi wa maandishi. Fedha tunazowapelekea jamaa nyumbani, pamoja na thawabu zake, hazihesabiwi.

Basi tupige hesabu kwanza, ndipo tuchague. Na mtu akikuahidi marejesho makubwa kwa risiti za dukani, mtake akuonyeshe hesabu yake kabla hujatia saini.

Wabillahi tawfiq.