Dhahabu Inayobaki Kwenye Marudio

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Kahama au Chunya, duara, yaani shimo la kuchimbia, likishatoa mawe ndipo kazi inapoanza. Mawe hutiwa kwenye viroba na viroba hugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la vijana walioshuka chini na nyundo. Kila mmoja hupeleka chake kwenye karasha. Pale mawe husagwa yakawa unga, unga hupitishwa kwa maji juu ya mwalo uliotandikwa magunia, na kile kizito kilichonasa hukung'utwa ndani ya karai na kuchanganywa na zebaki. Zebaki hukamata chembe za dhahabu. Mchimbaji huikamua kwenye kitambaa, kidonge kinachobaki hukichoma moto, na moshi ule wenye sumu ukishapita, huondoka na kipande kidogo cha njano kwenye kiganja.

Nyuma yake hubaki lundo la mchanga wa kijivu. Wachimbaji huuita marudio, na kwa mazoea ya machimbo mengi marudio ni mali ya mwenye karasha. Sasa sikiliza hesabu yake. Njia ya zebaki mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo ndani ya jiwe. Iliyobaki imelala kwenye marudio. Mwenye mtambo wa kuchenjua huyachukua, huyaloweka kwa sayanidi ndani ya matangi kwa siku kadhaa, na hutoa dhahabu inayoweza kuzidi ile aliyoondoka nayo yule aliyechimba.

Aliyetoa jasho amepata kidogo, mwenye mtambo na ujuzi amepata zaidi. Nimeanza na lundo hilo kwa sababu nchi nazo zina marudio yao. Kila mara ninapoulizwa kwa nini nchi yenye dhahabu, almasi, tanzanite na gesi bado ina shule zisizo na madawati, jibu langu huanzia pale kwenye karasha. Rasilimali huinua uchumi wa nchi kwa kiasi kile ambacho nchi imejua kukikamata. Kinachobaki kwenye marudio huchukuliwa na mwingine.

Pato la taifa na fedha ya hazina

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Mwaka 2024 sekta ya madini ilifikia takriban asilimia 10 ya pato la taifa la Tanzania, kiwango ambacho mipango ya serikali ilikuwa imekilenga kwa mwaka 2025. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini pato la taifa hupima thamani ya kila kilichozalishwa ndani ya mipaka yetu, awe amekizalisha mwenyeji au mgeni. Faida inayolipwa kwa wanahisa walioko ng'ambo imo ndani ya asilimia hizo, na mshahara wa dereva wa mgodini umo pia. Kwa hiyo asilimia 10 inatueleza ukubwa wa chungu, haituelezi nani amepakuliwa.

Ili kujua nani amepakuliwa, fuata njia ambazo madini huingilia katika uchumi. Zipo nne: fedha za kigeni, mapato ya serikali, ajira na manunuzi, na ujuzi unaobaki nchini.

Fedha za kigeni ndiyo njia inayoonekana haraka. Dhahabu imekuwa ikiiingizia Tanzania zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, ikiwa bidhaa inayoongoza kwa mauzo ya nje. Dola hizo ndizo zinazonunua mafuta ya bodaboda, dawa za hospitali na vipuri vya viwanda. Zikipungua, shilingi huyumba na bei ya vitu dukani hupanda, hata kwa bibi wa Lindi ambaye hajawahi kuona mgodi. Ndiyo maana Benki Kuu imeanza kununua dhahabu ndani ya nchi na kuiweka akiba, na ndiyo maana tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa hapa hapa.

Shilingi milioni moja inavyogawanywa

Njia ya pili ni mapato ya serikali. Tuchukue mfano mwepesi, kwa viwango vya mwaka 2024. Mchimbaji mdogo ameingia soko la madini na dhahabu ya shilingi 1,000,000. Inapimwa usafi na uzito mbele ya macho yake. Makato makuu hapo ni mrabaha wa asilimia 6, yaani shilingi 60,000; ada ya ukaguzi ya asilimia 1, shilingi 10,000; na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3, shilingi 3,000, unaokwenda halmashauri. Jumla ya hayo matatu ni 73,000. Anaondoka na stakabadhi, na dhahabu yake imeingia kwenye daftari la nchi.

Utaratibu huu ni wa juzi tu. Kabla ya mwaka 2019 mchimbaji mdogo alidaiwa pia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mzigo ulikuwa mzito mno, na dhahabu ikatafuta njia za panya. Mapema mwaka 2019 Bunge liliziondoa kodi hizo mbili kwa wachimbaji wadogo, na Machi mwaka huo soko la kwanza la dhahabu likafunguliwa Geita. Leo masoko ya madini nchini yamezidi 40. Kwa takwimu za Wizara ya Madini, makusanyo ya sekta yalivuka shilingi bilioni 700 katika mwaka wa fedha 2023/24, na mchango wa wachimbaji wadogo umefika takriban asilimia 40. Watu waliokuwa wakiitwa wavamizi na walanguzi wamekuwa walipa kodi wa kutegemewa, kwa sababu walipewa mahali halali pa kuuzia na kiwango kinacholipika.

Kwa migodi mikubwa hadithi ni ndefu zaidi. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilitoza mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu. Sheria ya 2010 ikapandisha hadi 4, na marekebisho ya 2017 hadi 6, yakiipa serikali pia hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Mwaka huo huo wa 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia, pale makontena 277 ya mchanga wa madini yalipozuiwa kusafirishwa na kamati za Profesa Abdulkarim Mruma na Profesa Nehemiah Osoro zikaundwa kuchunguza. Mvutano ule uliisha Januari 2020 kwa makubaliano na kampuni ya Barrick: malipo ya dola milioni 300 na kuundwa kwa Twiga Minerals, ambayo serikali inamiliki asilimia 16.

Watu wengi wanakumbuka kishindo cha makontena. Mimi nakumbuka swali lililokuwa chini yake: je, sisi wenyewe tulikuwa na uwezo wa kupima kilichomo ndani? Mrabaha ni asilimia ya thamani. Kama huwezi kuipima thamani kwa maabara yako na wataalamu wako, hata asilimia 20 ni asilimia ya neno la mtu mwingine. Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jiwe na watu wanaolizunguka

Njia ya tatu ni ajira na manunuzi. Mgodi mkubwa wa kisasa ni wa mitambo. Huajiri watu wachache ukilinganisha na fedha zilizozikwa humo. Wachimbaji wadogo ndio wanaobeba ajira. Zaidi ya watu milioni moja nchini wanaishi kwa shughuli hizo, wakiwamo kina mama wanaoponda mawe, wapika chakula, waendesha pikipiki na mafundi wa pampu. Fedha yao haina haja ya kusubiri bajeti. Jioni ile ile imo sokoni.

Lakini mgodi mkubwa una uzito wake mahali pengine: katika kununua. Kila siku unahitaji chakula cha mamia ya wafanyakazi, mafuta, matairi, baruti, vyuma vya kusagia mawe, sare, ulinzi, usafiri. Kila kinachonunuliwa kwa Mtanzania kinazaa ajira ya pili na ya tatu. Kila kinachoshushwa bandarini kikiwa tayari kimeundwa kinazaa ajira huko kilikotoka. Kanuni za mwaka 2018 zinawataka wenye migodi kuwapa Watanzania kipaumbele katika manunuzi na ajira. Kazi ngumu iliyobaki ni ya kuwawezesha watengenezaji wetu wafikie ubora unaotakiwa, kwa sababu kampuni ya mfukoni inayoagiza mali Dubai na kuibandika jina la Kitanzania haijatuachia ila karatasi.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawalipendi. Kusafisha dhahabu hadi iwe na ubora wa kimataifa, kama inavyofanyika katika kiwanda cha Mwanza kilichozinduliwa mwaka 2021, ni jambo jema: tunajua tunauza nini, na akiba ya Benki Kuu inapatikana. Lakini tofauti ya bei kati ya dhahabu ghafi ya mgodini na ile iliyosafishwa ni ndogo, kwa kuwa ile ghafi tayari sehemu yake kubwa ni dhahabu. Tanzanite ni kinyume chake. Jiwe hilo huongezeka thamani sana likikatwa na kung'arishwa, na mji wa Jaipur nchini India ulijijengea jina kwa kulikata, ilhali jiwe lenyewe linachimbwa Mererani tu duniani kote. Kila madini yana mahali pake pa faida. Kuongeza thamani si kujenga kiwanda popote. Ni kujua faida imelala kwenye hatua ipi, kisha kufundisha vijana wetu hatua hiyo. Hiyo ndiyo njia ya nne, ya ujuzi, na ndiyo inayobaki hata mgodi ukifungwa.

Chovya chovya

Kwa sababu migodi hufungwa. Golden Pride pale Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa enzi hizi nchini, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na ukafungwa baada ya takriban miaka kumi na mitano. Buzwagi wa Kahama uliacha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake likatengwa kwa ajili ya viwanda. Dhahabu haioti tena kama mahindi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na asiyeuliza asali ilinunua nini atabaki na buyu.

Jirani zetu wa Zambia walipata uhuru mwaka 1964 wakiwa na shaba iliyofanya zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yao ya nje. Bei ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, hawakuwa na kitu kingine cha kushikilia. Madeni yakaingia na kizazi kizima kikaishi kwa kubana matumizi. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kuliko zote. Baada ya almasi kugunduliwa, ilihakikisha nusu ya kampuni inayozichimba ni ya serikali, ikaelekeza mapato ya almasi kwenye elimu, afya na miundombinu, na mwaka 1994 ikaanzisha Mfuko wa Pula kwa akiba ya vizazi vijavyo. Nchi ikainuka. Hata hivyo, soko la almasi lilipodorora karibuni, kwa sehemu kutokana na almasi za maabara, uchumi wa Botswana ulishuka mwaka 2024. Nidhamu iliwainua. Kutegemea jiwe moja ndiko kunakowatesa.

Upo pia ugonjwa ambao wachumi huuita wa Uholanzi, kwa kuwa uliipata nchi hiyo baada ya kugundua gesi nyingi huko Groningen mwaka 1959. Fedha za gesi zilipandisha thamani ya sarafu, bidhaa za viwandani zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje, viwanda vikadhoofu. Dalili zake unaweza kuziona hata kijijini. Rashi ya dhahabu, yaani mmiminiko wa wachimbaji, ikitokea, vijana huacha mashamba, kodi ya chumba hupanda, sahani ya ugali hupanda, na mwalimu mwenye mshahara ule ule anashindwa kuishi jirani na shule yake. Dhahabu ikikatika, wachimbaji wanahama. Mashamba yameota magugu na mashimo yako wazi. Dawa yake ni kuifanya fedha ya madini ijenge kile kitakachodumu: umwagiliaji, umeme, barabara ya kutolea mazao, vyuo vya ufundi.

Turudi kwenye lile lundo la kijivu. Mchimbaji hahitaji kunyang'anya mtambo wa mtu ili apate haki yake. Anahitaji kujua kiasi cha dhahabu kilichomo kwenye jiwe lake kabla hajalisaga, kuungana na wenzake kwenye ushirika wapate mtambo wao, na kuuza pale penye mizani ya wazi. Nchi nayo inahitaji mambo hayo hayo: upimaji wake yenyewe, mitaji na ujuzi wake, na hesabu zilizo wazi.

Sehemu ya mwisho ni yako, msomaji, hasa unayeishi kwenye wilaya yenye machimbo. Ushuru wa huduma wa kila dhahabu inayouzwa huingia halmashauri yako, na sheria inamtaka mwenye mgodi akubaliane na halmashauri hiyo kuhusu mchango wake kwa jamii. Kikao cha mapato na matumizi kikiitishwa, nenda. Muulize diwani wako ushuru wa madini umeingia kiasi gani mwaka huu na umejenga nini. Usiporidhika na jibu, uliza tena kikao kijacho.